f/5.6, f/2.8 au f/1.8: lenzi ipi kwa harusi na usiku wa Unguja?

Ilikuwa 2009, ukumbi wa wanawake, saa tatu na nusu usiku. Taa kubwa zimezimwa, zimebaki za rangi za jukwaani na zile ndogo ndogo zilizozungushwa kwenye maua. Taarabu imekolea. Shangazi yake biharusi anainuka, noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji kwa madaha mpaka ukumbi mzima unapiga vigelegele. Mimi niko hatua nne mbele yake. Nabonyeza shata nusu, lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena mbele, haishiki. Inapokuja kushika, shangazi keshageuka na noti iko kifuani kwa mwimbaji. Picha niliyoipata ni ya mgongo.

Kamera ilikuwa Nikon D90, nayo kwa zama zake ilikuwa nzuri. Lenzi ilikuwa 18-105mm iliyokuja nayo kwenye boksi. Nilikuwa nimeivuta mpaka mwisho ili niupate uso, na hapo mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Sikujua wakati ule kwamba namba ile ndogo iliyoandikwa mbele ya lenzi ndiyo iliyoninyima picha.

Katika harusi zetu mwanamume haingii ukumbi wa wanawake, kwa hivyo picha za humo ni kazi yetu sisi. Wasichana wanaoianza huniuliza suala moja: "Dada, nina kamera na lenzi iliyokuja nayo, na nimedunduliza pesa ya kitu kimoja tu. Ninunue nini?" Mmoja anataka bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Mwengine anataka lenzi ya zoom ya f/2.8 kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwa mafundi wakubwa. Mwengine kaona mtandaoni picha za f/1.4, nyuma kumeyeyuka kama samli, naye anaitamani hiyo.

Jawabu langu nalitanguliza, kisha nieleze. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) na lenzi yako ni 18-55 au 18-105, nunua lenzi moja isiyo zoom ya f/1.8 kabla ya kununua kitu chochote, hata kabla ya bodi. Zoom ya f/2.8 ni ya anayekwenda harusini kila wiki na kulipwa. Lenzi ya f/1.4 iache kwanza. Na ile uliyonayo usiiuze, ina kazi yake.

Namba ya f inasema nini

Namba ya f ni urefu wa lenzi (zile mm zilizoandikwa juu yake, si urefu wa umbo lake) uliogawiwa kwa upana wa tundu lake, yaani apecha. Lenzi ya 50mm kwenye f/1.8 ina tundu la milimita 28 hivi. Lenzi ya urefu huohuo kwenye f/5.6 ina tundu la milimita 9, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Ndiyo maana namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa, na ukiipokea hesabu hiyo mara moja hutababaika tena.

Mwanga hufuata eneo la tundu, haufuati upana wake. Ngazi zake ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8 na kuendelea, na kila ngazi moja, ambayo mafundi huiita stopu, hupunguza mwanga kwa nusu. Kutoka f/5.6 mpaka f/2.8 ni stopu mbili, mwanga mara nne. Kutoka f/5.6 mpaka f/1.8 ni karibu mara kumi. Hizo mara kumi ndizo zinazoamua usiku wako utakuwaje.

Chukua ukumbi wenye mwanga wa wastani, ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga), na mtu aliye mita mbili mbele ya lenzi ya 50mm kwenye kamera ya sensa ndogo:

| Tundu | Kasi ya shata (sekunde) | Kina kilicho kwenye fokasi (kinachotoka kikali) |
|---|---|---|
| f/5.6 | 1/15 | sentimita 36 |
| f/4 | 1/30 | sentimita 26 |
| f/2.8 | 1/60 | sentimita 18 |
| f/1.8 | 1/160 | sentimita 12 |
| f/1.4 | 1/250 | sentimita 9 |

Isome kwa kwenda chini. Kwa 1/15 mtu anayecheza hutoka kama moshi, hata kamera iwe juu ya stendi. Kwa 1/60 aliyekaa anatoka vizuri, anayeongea inategemea bahati. Kwa 1/160 shangazi yule ningempata na noti yake. Lakini itazame na safu ya mwisho: kila unachokipata kwenye kasi unakilipa kwenye kina. Kwa sentimita 12 uso mzima unaingia. Kwa sentimita 9 bado unaingia, ila biharusi akiinama kidogo kutazama piko mkononi, umeshampoteza.

Otofokasi inavyoliona tundu

Otofokasi ni kamera kujitafutia fokasi yenyewe. Hapa ndipo penye kutoelewana kwingi, na nitakaa kidogo.

Jambo la kwanza: kamera ya kioo, DSLR, ile yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye dirisha la kutazamia, hufokasi tundu likiwa wazi kabisa, hata kama wewe umepanga kupiga kwa f/8. Tundu hujifunga pale tu shata inapofyatuka. Kwa hivyo lenzi ya f/1.8 ukiipigia kwa f/4 ili familia nzima iingie kwenye fokasi, kutafuta fokasi kunafanywa kwa f/1.8. Lenzi ya f/5.6 haina pa kufungukia. Namba inayoihusu otofokasi ni ile iliyoandikwa kwenye lenzi, siyo ile uliyoichagua kwenye kamera.

Jambo la pili ni vipi kamera inajua kwamba haijafokasi. Ziba jicho moja ujaribu kutia uzi kwenye sindano. Utaona tabu, kwa sababu umbali tunaujua kwa macho mawili yaliyoachana. Otofokasi ya DSLR hufanya hivyohivyo: inachukua taswira mbili, moja kutoka upande huu wa lenzi na moja kutoka upande wa pili, inazilinganisha, kisha inajua izungushe lenzi wapi na kwa kiasi gani. Alama nyingi za fokasi, vile vidoti unavyoviona kwenye dirisha la kutazamia, zimetengenezwa zitazame kupitia pande za tundu la f/5.6. Baadhi ya kamera zina alama zinazotazama kupitia f/2.8, yaani macho yameachana zaidi, na hizo huona kosa dogo ambalo zile nyengine hulipitisha. Canon 70D ya 2013, kwa mfano, ina alama 19, na iliyo katikati peke yake ndiyo yenye jicho la f/2.8. Ukiifunga lenzi ya f/5.6, jicho hilo linalala. Ukiifunga ya f/2.8 au f/1.8, linaamka.

Kuna linalowashangaza wengi. Ile alama ya f/5.6 haipati mwanga zaidi kwa kuwa umeivisha kamera lenzi ya f/1.8, maana imeshafungiwa itazame kupitia kiasi kilekile cha lenzi. Kwa hivyo kwenye DSLR usitarajie kwamba f/1.8 itageuza alama zote ziwe na macho ya paka. Faida utaipata kwenye alama ya kati ya kamera zilizo na jicho la f/2.8, kwenye dirisha la kutazamia linalokuwa na mwanga zaidi, na zaidi ya yote kwenye kasi ya shata. Lenzi ya f/5.6 nayo inasimama ukingoni: tia kichujio cheusi cha mchana ukakisahau, na otofokasi inaanza kuwewesuka.

Kamera zisizo na kioo zina habari nyengine. Humo fokasi husomwa kwenye sensa yenyewe, kwa mwanga uleule unaopiga picha, kwa hivyo tundu kubwa linaisaidia moja kwa moja. Ndiyo maana namba za kufokasi gizani zinazoandikwa kwenye matangazo hupimwa kwa lenzi ya tundu kubwa. Canon R6 imeandikiwa −6.5 EV (EV ni kipimo cha mwanga, namba ikishuka kiza kinazidi), lakini kwa lenzi ya f/1.2. Sony A7 III imeandikiwa −3 EV, kwa lenzi ya f/2. Ukiifunga R6 lenzi ya f/5.6 umeondoa takriban stopu nne na nusu, na ile kamera inayosifiwa kwamba inaona gizani inarudi kuwa ya kawaida. Msichana anayetaka kubadili bodi abaki na lenzi ileile aanzie hapa kufikiri.

Kitu kimoja zaidi kwa wenye kamera hizo: si zote hufungua tundu wakati wa kufokasi. Nikon Z hufokasi kwa tundu ulilolichagua mpaka kufikia f/5.6, na Sony nyingi nazo hufuata tundu ulilolipanga. Ukumbini basi usipange f/8 ukategemea kamera ijitafutie.

Kitambaa cheusi, kanzu nyeupe

Hakuna tundu linaloweza kuumba mstari pasipo mstari. Otofokasi inatafuta tofauti: ukingo, nakshi, mshono, mahali peusi panapokutana na peupe. Buibui jeusi kwenye mwanga hafifu halina kitu cha kushika, na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri ni hivyohivyo. Nimewaona watu wakilaumu lenzi ya f/1.8 kumbe alama yao ya fokasi iko kifuani kwa bwana harusi, katikati ya weupe mtupu.

Ipeleke alama kwenye kofia. Kofia ya kiua iliyodariziwa kwa mkono ina vitundu na mishono mamia, na kamera inaishika kwa lenzi yoyote. Iko karibu sawa na macho kwa umbali, kwa hivyo uso nao unakuja mkali. Kwa biharusi natumia ukingo wa mtandio unapokutana na paji la uso, au dhahabu ya shingoni. Mikononi piko ndiyo kila kitu: michoro myeusi juu ya ngozi, hakuna shabaha iliyo bora zaidi ukumbi mzima.

Na ukikutana na mistari ya kulala tu, kama mbao za madirisha ya Mji Mkongwe, kamera nyingi zisizo na kioo hubabaika, kwa sababu fokasi ya kwenye sensa zao husoma mistari iliyosimama. Iinamishe kamera kidogo, ishike, kisha irudishe.

Lenzi ya kwenye boksi: itendee haki

18-55 ina f/3.5 ikiwa haijavutwa, na f/5.6 ikivutwa mpaka mwisho. Ni mwanga mara mbili na nusu unaoutupa kwa kuvuta zoom. Usiku iache kwenye 18 na sogea wewe. Picha ya jukwaa zima, na biharusi na wapambe na mapambo, inatoka vizuri kwa sababu hapo watu wametulia.

Nyingi zina kituliza mtikisiko, nacho ni kizuri kwa kisichotembea. Vichochoro vya Mji Mkongwe baada ya isha, mlango wa nakshi chini ya taa moja ya ukutani, hayo utayapiga kwa 1/10 mkononi na shaba za mlangoni zitatoka kali. Lakini kituliza kinaituliza kamera, hakimtulizi mtoto anayekimbia kutoka kibandani na urojo wake. Wala hakiisaidii otofokasi kupata mwanga.

Flashi? Inatatua mambo mengi ya picha, nami ninayo. Ila inawaka baada ya fokasi kupatikana, kwa hivyo kutafuta fokasi gizani kunabaki palepale. Ule mwanga mwekundu wa flashi unaosaidia kufokasi hufanya kazi kwenye DSLR, na kamera nyingi zisizo na kioo hazijui kuutumia. Kisha kuna mahali flashi haina adabu. Nikahi inaposomwa, Maulidi ya Homu vijana wamepiga magoti safu moja wanayumba pamoja, hapo sitaki mwanga wangu uwe ndio unaotazamwa.

f/1.8: kwa nini hii kwanza

Giza kweli nilifundishwa na ile miezi mitatu Unguja ilipokosa umeme, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Harusi haziahirishwi kwa kukosa umeme. Zilifungwa kwa jenereta, na jenereta ikizima, kwa karabai. Nikaazima lenzi ya 50mm f/1.8D, nikaenda nayo nyumba moja ambako biharusi anapambwa chumbani, karabai juu ya kabati. Mwanga wa karabai ni mweupe na unatoka pahala pamoja, uso nusu una mwanga na nusu una kivuli, na kivuli kile ndicho kilichoisaidia kamera kushika. Nilipiga kwa f/2, 1/60, ISO 1600. Picha za usiku ule bado naziona bora kuliko nyingi nilizozipiga baadaye kwa vifaa vya bei kubwa zaidi.

Lenzi hizi ni nyepesi. Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015, ina gramu 160 tu. Hazina zoom, na hilo si hasara kwa anayeanza: utajifunza kusogea, utajifunza kuomba njia kwa adabu mbele ya mama watu wazima waliokaa chini.

Urefu gani? Kwenye sensa ndogo 50mm inakuwa kama 75 au 80, nzuri kwa uso, lakini inabana ndani ya chumba. Mwenye Nikon ya sensa ndogo anayo 35mm f/1.8G ya DX, yaani iliyotengenezewa sensa ndogo, na kwa nyumba zetu ndiyo ningeichukua kwanza. Mwenye Canon ya sensa ndogo atapata 50mm f/1.8 kwa bei nafuu, au 24mm f/2.8 STM kama vyumba ndivyo vinavyomtesa. Hiyo ya pili inapoteza zaidi ya stopu moja ya mwanga lakini inampa nafasi ya kupumua.

Usiifungue mpaka mwisho kila mara kwa sababu tu inafunguka. Mtu mmoja: f/2. Wawili wamekaa bega kwa bega: f/2.8. Mama, bibi na biharusi: f/4, na uongeze ISO. Chengachenga za ISO 6400 mteja hazioni kwenye simu yake. Jicho la bibi lililo nje ya fokasi analiona siku ya kwanza.

Zoom ya f/2.8: nani aichukue

Tofauti yake na f/1.8 ni mwanga mara mbili na nusu kasoro kidogo. Inavyokufidia ni kwamba huna haja ya kubadili lenzi. Biharusi anaingia mlangoni, unahitaji ukumbi mzima. Hatua kumi baadaye unahitaji uso. Halafu machozi ya mama yake. Ukiwa na 35mm peke yake moja kati ya hayo matatu utalikosa. Zoom ya f/2.8 inayapata yote, na f/2.8 yake haibadiliki ukivuta, kwa hivyo pale penye 50mm inakupa mwanga mara nne ya lenzi ya boksi. Alama ya kati yenye jicho la f/2.8 nayo inabaki macho safari nzima.

Kwa sensa ndogo tazama 17-50mm f/2.8 za Tamron na Sigma, si 24-70. Hiyo 24-70 kwenye sensa ndogo haina upana, na sebule zetu hazina mahali pa kurudi nyuma. Kwa sensa kubwa, 24-70 ndiyo yenyewe, lakini ibebe kwanza uone: Canon EF 24-70mm f/2.8L II ina gramu 805, mara tano ya ile 50mm. Saa nne za ukumbi, mkono wa kulia utakwambia.

Ukiwa unalipwa kwa kazi kila wiki, inajilipa. Ukiwa na harusi mbili tatu kwa msimu, pesa hiyo ina shughuli nyengine. Na hata aliyenayo haachi f/1.8 nyumbani, kwa sababu taa za ukumbi zikizimwa kwa ajili ya kukata keki, f/2.8 inafika kikomo.

f/1.4 na f/1.2

Kutoka f/1.8 mpaka f/1.4 ni theluthi mbili za stopu. Kwa bei inayoongezeka, ni mwanga kidogo. Kwa otofokasi ya DSLR, hata zile alama za f/2.8 hazichoti chochote zaidi. Unalolinunua ni mandhari ya nyuma kuyeyuka, na hatari ya kukosa jicho.

Halafu tundu kubwa linataka vioo vikubwa, na vioo vikubwa ni vizito kwa mota kuvisukuma. Canon EF 85mm f/1.2L II inapendwa kwa uso wa mtu aliyetulia, lakini ina zaidi ya kilo moja na fokasi yake huenda polepole. Ndugu yake wa f/1.8 ana gramu 425 na anafokasi haraka. Kwa wanawake wanaocheza, namchukua ndugu mdogo bila kufikiri mara mbili. Tundu kubwa si sawa na fokasi ya haraka. Kasi ya fokasi ina mambo ya mota na uzito wa vioo ndani yake pia.

Nje ya ukumbi

Forodhani jioni ina dakika chache za dhahabu. Tuko nyuzi sita hivi kusini ya Ikweta, jua likizama halichelewi, na nusu saa baadaye bahari ni nyeusi. Baada ya hapo mwanga wote uko kwenye meza za wauzaji. Simama upande ambao taa inampiga muuzaji usoni, iweke alama kwenye ukingo wa kisu anapokata unga wa Zanzibar pizza au kwenye vidole vyake, si kwenye moshi wa mishikaki. Moshi huidanganya otofokasi, inaushika wenyewe. Kwa f/1.8 na ISO 3200 nimepata 1/160 hapo mara nyingi. Na picha zikitoka na mistari ya kiza, ujue sababu ni taa: umeme wetu ni wa 50Hz, taa hafifu huwaka na kuzima mara 100 kwa sekunde, basi rudi 1/100 au 1/50.

Ngome Kongwe wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, mwezi wa Februari, hali ni kinyume cha watu wanavyodhani. Jukwaa lina mwanga mwingi na tofauti kali, otofokasi inashika hata kwa 55-250 ya f/4-5.6. Kiza kiko kwa wasikilizaji. Ukitaka nyuso za wanaocheza chini, ndipo utaitafuta 85mm f/1.8.

Kwa wanaokwenda Pemba, popo wa Kidike wanaporuka jioni unahitaji urefu kuliko tundu. Mnyama mweusi juu ya anga yenye mwanga ni shabaha rahisi, na 70-300 ya f/5.6 inatosha. Kima punju wa Jozani ni tabu zaidi, kwa sababu kivuli cha miti kinakula mwanga hata saa sita mchana. Lakini hao nao hukaribia watu, tena sana, na 50mm f/1.8 hupata uso mzima.

Ukiwa dukani

Ile 50mm f/1.8D niliyoiazima niliinunua baadaye, kisha nikampa msichana mmoja aliyekuwa akinisaidia. Yeye alikuwa na Nikon D3200. Haikufokasi kabisa, ilibidi azungushe kwa mkono. Lenzi za D hazina mota ndani yake, zinategemea mota ya kwenye bodi. D90 inayo, D3200 na ndugu zake wa D3000 na D5000 hawana. Aliyenunua dukani bila kujua angelia. Kwa bodi hizo tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani.

Nenda na kamera yako. Omba ukae nyuma ya duka penye kiza, alama ya kati peke yake, tundu wazi kabisa. Fokasi kitu cha karibu, halafu cha mbali, halafu cha karibu tena, mara kumi, na uhesabu mara ngapi inakwenda na kurudi kabla ya kushika. Kisha laza rula mezani kwa mshazari, fokasi namba ya katikati, piga, ikuze picha. Ikiwa namba za mbele au za nyuma ndizo kali, lenzi na bodi hazipatani. Bodi kama D7000 au 70D zina pahala pa kurekebisha hilo, bodi ndogo hazina, kwa hivyo ijaribu lenzi nyengine ya aina hiyohiyo.

Ikiwa ni ya mkono wa pili, fungua tundu lote, mulika tochi kwa nyuma na chungulia kwa mbele. Hewa yetu ya bahari huotesha kuvu ndani ya lenzi: nyuzi nyembamba za kijivu, zinaanzia ukingoni zikielekea kati. Kuvu huondoa ukali wa kingo, na kingo ndizo ambazo otofokasi inazitafuta. Ukiziona, irudishe mezani, hata muuzaji apunguze bei mara mbili.